Akili Itulie Mtaani: Vidokezo 12 kwa Wakaazi wa Kibera na Kawangware

Kodi inadaiwa tarehe tano. Kibarua cha mjengo kimeisha na kingine hakijapatikana. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mkopo wa simu unadaiwa kwa ujumbe wa tatu tangu asubuhi. Kichwa cha mkaazi wa Gatwekera, Laini Saba, Gatina au Congo hubeba yote haya kwa wakati mmoja. Hapo ndipo maamuzi mabaya huzaliwa: neno kali kwa mke, pesa ya unga kwenye beti, kofi kwa mtoto asiye na hatia.

Kutafakari hakulipi kodi. Kazi yake ni kukuongezea nafasi ndogo kati ya jambo linalokuchoma na jibu unalolitoa, na ndani ya nafasi hiyo mtu huweza kuchagua. Nguvu ya akili inayozungumzwa hapa ni hiyo ya kuchagua. Hufunzwa, haina ada, na imepimwa hapa hapa Nairobi.

1. Anza na pumzi: tatu ndani, tatu nje

Keti au simama, mkono mmoja tumboni. Vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka tumbo lijae. Itoe kwa hesabu ile ile. Fanya hivyo dakika mbili, na ukishazoea ongeza hadi tano. Unapotoa hewa polepole, mshipa wa fahamu uitwao vagus hupunguza kasi ya moyo. Mwili ukipoa, kichwa nacho hupoa.

Zoezi hili ni mojawapo ya mbinu za mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Problem Management Plus. Mpango huo ulijaribiwa Nairobi, upande wa Dagoretti ambamo Kawangware imo, kwa wanawake 421 waliowahi kupitia ukatili wa kijinsia. Walifundishwa kwa vikao vitano: kupumua, kupanga matatizo yanayoweza kutatuliwa, kurudia shughuli walizoziacha na kutafuta watu wa kuwashika mkono. Matokeo yalichapishwa 2017: waliohudhuria vikao walipungukiwa na msongo wa mawazo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, na miezi mitatu baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Waliowafundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wa aina ile ile inayopita mlangoni kwako kuulizia chanjo za watoto.

2. Usisubiri kimya

Ukisubiri Kibera inyamaze, utazeeka hujaanza. Treni inapita, fundi anachomelea mageti, spika ya kinyozi inaunguruma, adhana inatoka Makina na kesha la jirani linaendelea mpaka alfajiri. Basi zifanye kelele ziwe darasa lenyewe. Keti, sikiliza sauti iliyo karibu kabisa, kisha iliyo mbali kabisa, kisha pumzi yako. Usiulize ni nani anapiga kelele wala kwa nini. Sikia tu, rudi kwenye pumzi, sikia tena. Anayejifunza kutulia katikati ya vurugu ana ujuzi ambao hautampotea siku ya vurugu.

3. Usipande kila matatu

Simama steji ya Kawangware asubuhi. Makanga wa 46 anakuita, mwingine anakuhakikishia kwamba gari lake linajaza nafasi ya mwisho, wa tatu ameshakushika mkono. Unajua unakokwenda, kwa hiyo huwapandii wote. Mawazo nayo yana makanga wao: "Utafukuzwa nyumba." "Yule alikudharau makusudi." "Wenzako wote wamejenga." Katika kutafakari unayaona yanafika, unayasikia yakiita, unayaacha yaondoke bila wewe.

Usijilaumu kichwa kikitangatanga. Mwaka 2010 wanasaikolojia wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, waliwauliza watu kupitia simu, kwa nyakati tofauti za siku, walikuwa wakiwaza nini. Karibu nusu ya wakati, asilimia 47, mawazo yao yalikuwa mbali na jambo walilokuwa wakilifanya, na katika nyakati hizo furaha yao ilikuwa pungufu. Akili ya kila binadamu hutoroka. Kuirudisha ndiyo mazoezi yenyewe, na kila unapoirudisha umefanya kazi.

4. Lifunge zoezi kwenye jambo unalolifanya kila siku

Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu watano hakina kona ya kutafakari. Kina nyakati, ukizitafuta. Kuna dakika za kungoja chai ichemke, foleni ya maji huku jerikeni zikisogea moja moja, na ule muda baada ya watoto kulala kabla hujachukua simu. Chagua wakati mmoja tu na uushike huo huo.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia hiyo kuwa kitu cha kujiendea chenyewe. Walioiwahi walichukua siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa ingefika 254. Waligundua pia jambo la kutia moyo: kukosa siku moja hakukuharibu chochote. Ukiruka jana, anza leo.

5. Tumia dini uliyo nayo

Wengi mtaani huogopa kwamba kutafakari ni kuingizwa kwenye dini ya kigeni. Hofu hiyo ina jibu. Daktari Herbert Benson wa Harvard, aliyechapisha kitabu chake maarufu kuhusu utulivu wa mwili mwaka 1975, aliona kwamba mambo mawili yalitosha kuupoza mwili: kurudia neno, sala au tendo fulani, na kuyaachilia mawazo mengine bila kupigana nayo. Kila mgonjwa aliweza kuchagua neno la imani yake mwenyewe.

Muumini wa Christ the King pale Laini Saba ana rozari. Mwislamu wa Makina ana tasbihi, na baada ya swala hurudia dhikri mara 33. Mlokole ana mstari wa Biblia anaoupenda. Unganisha maneno hayo na pumzi: nusu unapovuta hewa, nusu unapoitoa. Usiyakimbize. Sala iliyosemwa polepole mara kumi hutuliza kuliko iliyosemwa mbio mara mia.

6. Tembea ukijua unatembea

Kila alfajiri maelfu ya watu hutoka Kibera kwa miguu kuelekea Industrial Area, na wengine kutoka Kawangware kuelekea Lavington na Kilimani kutafuta kazi za mjengo au za kufua. Mwendo huo upo tu, iwe unatafakari au hutafakari. Kwa sehemu moja ya njia, labda kutoka steji mpaka mzunguko wa kwanza, weka akili kwenye nyayo: kisigino kinagusa, kidole kinasukuma, mkono unapepea. Macho yabaki wazi na barabara ivukwe kwa uangalifu. Utafika kazini mwili ukiwa na jasho lakini kichwa hakijagombana na mtu.

7. Ipe tamaa dakika kumi

Tamaa ya kubeti, ya chang'aa au ya kumjibu mtu matusi kwa ujumbe wa simu ina tabia moja: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe usipoilisha. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa University of Washington aliwafundisha watu waliokuwa wakiacha pombe waitazame tamaa badala ya kupigana nayo. Iko wapi mwilini? Kifuani? Mikononi? Inaongezeka au inapungua? Pumua nayo kwa dakika kumi, simu ikiwa mbali.

Pia amua mapema, ukiwa umetulia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia ikisemwa kwa muundo wa "ikiwa hivi, basi vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya juu juu. Kwa mfano: "Ikiwa malipo ya wiki yameingia M-Pesa, basi kodi inatoka kwanza kabla sijafungua kitu kingine." Au: "Ikiwa nimejikuta naangalia Fuliza usiku, basi nazima simu na kulala." Andika moja na uiweke mahali unapoiona.

8. Acha kusema "mimi ndivyo nilivyo"

Hapa Kibera wana la kujivunia. Tom Osborn, Mkenya aliyesoma Harvard, pamoja na wenzake waliandaa mafunzo mafupi kwa wanafunzi wa sekondari na kuyaita Shamiri. Jaribio la kwanza lilifanyika katika shule ya Kibera kwa wanafunzi 51 waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi: saa moja kwa wiki, wiki nne. Walijifunza kwamba akili na tabia ya mtu hukua, walijizoeza kushukuru, na waliandika mambo wanayoyathamini zaidi maishani. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma. Kundi la Shamiri lilipungukiwa zaidi na huzuni na wasiwasi, na alama zao darasani pia zilipanda. Jaribio kubwa zaidi lililohusisha wanafunzi 413 lilichapishwa mwaka 2021 na kuonyesha tena manufaa. Walioongoza vikundi walikuwa vijana waliokuwa wametoka tu kumaliza sekondari.

Unaweza kuyajaribu mambo hayo matatu nyumbani. Kwanza, mtoto akisema "siwezi hesabu", ongeza neno "bado". Pili, kabla ya kulala kila mmoja ataje jambo moja la siku hiyo linalostahili shukrani, hata kama ni jirani aliyewaazima makaa. Tatu, andika kitu kimoja usichokubali kukiuza hata ukiwa na njaa: uaminifu, watoto, imani. Siku ngumu ikija, kisome.

9. Ota, kisha kitaje kizuizi

Wako wanaofundisha kwamba ukifumba macho ukajiona una gari, gari litakuja. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen aliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozama zaidi katika ndoto tamu za kazi nzuri walituma maombi machache, wakapata nafasi chache, na miaka miwili baadaye mishahara yao ilikuwa midogo. Ndoto ilikuwa imeshawashibisha kabla hawajainuka.

Kwa hiyo ifanye kwa hatua. Tulia. Taja unachotaka: "Nataka kibanda changu cha mboga kifike Desemba kikiwa na akiba." Kione waziwazi. Kisha jiulize ni kitu gani ndani yako kitakachokuzuia. Je, ni kukopesha kila rafiki? Ni kula mtaji? Malizia na mpango wa "ikiwa, basi" wa kidokezo cha saba.

Eliud Kipchoge huhubiri kwamba binadamu hana mipaka, lakini yeye mwenyewe ameweka kumbukumbu za mazoezi yake kwenye madaftari kwa miaka mingi. Alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, imani ilikuwa imeshasindikizwa na asubuhi nyingi za Kaptagat. Tabasamu lake mbioni nalo lina kazi: katika uchunguzi wa mwaka 2017 kwa wakimbiaji 24, walitumia nguvu pungufu walipotabasamu kuliko walipokunja uso. Jaribu kulegeza uso ukiwa umebeba jerikeni mlimani.

10. Usiitwike akili mzigo usio wake

Kuna wahubiri wa nguvu ya akili wanaosema umaskini ni mawazo tu. Maneno hayo yanaumiza, na si kweli. Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba na shule Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao. Hakuna aliyebomolewa kwa sababu ya kuwaza vibaya.

Utafiti nao unasema hivyo. Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro walifanya jaribio kwa watu 5,756 vijijini Kenya. Wengine walipewa pesa taslimu, wengine vikao vitano vya mpango ule ule wa kidokezo cha kwanza. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa pesa walikuwa na maisha bora na moyo mkunjufu zaidi. Kwa waliopewa vikao peke yake, tofauti haikuonekana. Mjini Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliohusishwa na uhalifu na vurugu walishiriki jaribio jingine: baadhi walipata wiki nane za mafunzo ya kutawala hasira na kujiona upya, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika kwa muda mrefu, na miaka kumi baadaye bado walikuwa wamewaacha mbali wenzao katika kujiepusha na wizi na vurugu.

Somo ni hili: kichwa kilichotulia kinahitaji kitu cha kufanyia kazi, na pesa zinahitaji kichwa kilichotulia. Ukitoka kwenye kutafakari, fanya jambo moja la nje. Omba risiti ya kodi. Hudhuria baraza la chifu. Ulizia kozi kwenye chuo cha ufundi. Weka mia kwenye chama. Utulivu usiotoka nje ya mlango hulala.

11. Jua wakati wa kuomba msaada

Kwa aliyepitia kipigo, ubakaji au vurugu kama za baada ya uchaguzi, 2008, kufumba macho kunaweza kuamsha picha za siku hiyo. Ikitokea, fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Zoezi la kutembea linaweza kukufaa kuliko la kuketi. Hujashindwa, umechagua njia iliyo salama kwako.

Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukifikiria kujiua, usijitibu kwa pumzi peke yake. Nambari 1199 ya Kenya Red Cross hupigwa bila malipo. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, hutibu magonjwa ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukuelekeza. Wala usiogope kukamatwa: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua inakiuka katiba. Anayepita hapo anahitaji matibabu, na nyinyi jamaa zake mnahitaji kumsindikiza.

12. Kaeni pamoja

Tabia ya mtu mmoja huyumba, ya watu sita hushikamana. Mna chama tayari, kwa hiyo kabla ya kuhesabu michango, wote mpumue dakika tatu. Jaribuni mwezi mzima na mtazame kama ugomvi wa mikopo unapungua. Walimu wanaweza kufanya hivyo kabla ya mtihani, makocha kabla ya mechi, na wenye boda boda stejini kabla ya zamu ya jioni.

Wanaotaka kutumia mwili pia wana mfano. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, imewafunza vijana wa mitaa ya jiji hili kuwa walimu wa yoga, nao wakapeleka madarasa ya bure mitaani kwao. Vijana ambao wengi waliwaona hawana kazi wakawa ndio wanaowafundisha wengine kusimama na kupumua.

Utajuaje kwamba unabadilika? Usitafute maono wala mwanga wa ajabu. Angalia mambo matatu baada ya miezi miwili: unakasirika mara ngapi na kwa muda gani, pesa zako zinatoka kwa mpango au kwa pupa, na unalala vipi. Kisha waulize watu wa nyumbani mwako, hasa watoto. Wao ndio huliona badiliko kwanza, na watakwambia bila kukuficha. Anza na kidokezo kimoja, jioni hii hii, kabla ya chakula.